Mguu Uliobaki Ndani ya Kompyuta

Asubuhi ile mamba alimshika mvuvi mmoja paja la kulia wakati anatandaza nyavu kwenye mkondo. Wenzake walimpiga mamba kwa pondo, kwa makasia, kwa nanga, mpaka akaachia, na alipoachia aliondoka na kipande. Wakamleta kwenye zahanati yangu ndani ya mtumbwi, amelala juu ya nyavu zake mwenyewe, na maji yaliyotuama chini ya mtumbwi yalikuwa mekundu.

Mie nilikuwa tabibu msaidizi, miaka miwili tu tangu nitoke chuoni. Kwetu ni Kibiti, watoto wa duka, na kabla ya kupangiwa delta, kule mto unakomwagika baharini, sikuwa nimewahi kukanyaga tope la mikoko. Kijiji sitakitaja. Kiko mbele ya Maparoni ukielekea baharini, na miaka ile kilifurika watu, maana biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mnunuzi wa kamba alikuja na boti yake ya barafu. Watu waligombania mikondo kama wanavyogombania mipaka ya mashamba. Midomo iliyopasuka kwa ngumi na vidole vilivyokatwa kwa panga nilikuwa nimekwisha kuvizoea. Jeraha la mamba sikuwa nimeliona.

Mamba hakati kama kisu. Hushika, halafu hujizungusha majini, na nyama hufuata anakozungukia. Paja lilikuwa wazi toka kwenye kinena mpaka karibu na goti. Niliona misuli ilivyopangana, niliona weupe wa mfupa, niliona mshipa mkubwa unarukaruka chini ya utando mwembamba, na mamba alikuwa ameukosa kwa upana wa kidole. Nilikandamiza kinena kwa ngumi mpaka damu ikapungua kasi. Na kabla ya kumfunga bandeji, nikafungua droo.

Ndani ya droo mlikuwa na kamera ndogo ya kidijitali. Nilipewa na mradi wa mafunzo uliokuwa na ofisi Kibiti, ili nipige picha za majeraha zitakazofundishia wengine. Kaka yake mgonjwa alikuwa ufukweni anahangaika na mafuta ya injini. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilipiga picha nne: tatu za jeraha, na ya nne ya mtu mzima, toka usoni mpaka magotini. Kisha nikamfunga, tukampakia kwenye boti, wakaenda naye kutafuta gari la hospitali.

Hospitalini walimkata mguu juu kabisa, karibu na nyonga, na siku ya nne akafariki. Maiti ilirudi kwa boti ileile. Nilikuwepo wakati wanaiosha, na ninakumbuka muoshaji alivyosimama na kata ya maji mkononi, amefika mahali ambapo mguu ulitakiwa uanze, hajui aendelee vipi.

Baada ya maziko kaka yake alikuja zahanati. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mkubwa kwa marehemu kwa miaka kama kumi, na ndiye aliyemlea.

"Mganga," akaniambia, "mguu uko wapi?"

"Hospitali huwa wanaufukia, kaka."

"Wanaufukia wapi? Nimeuliza, mmoja akaniambia hajui, mwingine akaniambia niondoke mlangoni. Mie nimezika mtu pungufu. Nimwambie nini mkewe?"

Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza. Kila nilipokwenda Kibiti nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ilikuwa kompyuta.

Mwalimu wetu wa mradi alikuwa daktari wa makamo, mtu wa bara, mwenye sauti ya kusomea hotuba na moyo mwema kabisa. Alikuja na kompyuta ya kubeba, ya kufunguka kama begi, na ndani yake programu ya kutoka ng'ambo. Ukiiwasha unamwona mzungu amelala kifudifudi au chali, upendavyo wewe. Unasogeza kipanya juu ya ngozi yake, unabonyeza, ngozi inaondoka. Unabonyeza tena, nyama inaondoka, inabaki mishipa, halafu mifupa. Sehemu ya mwisho ilikuwa mtihani. Mzungu amechomwa kisu, damu inatoka, nawe unatakiwa ubonyeze mahali pa kuizuia. Ukikosea, damu inaongezeka. Ukikosea mara tatu, uso unafifia, na kompyuta inalia kwa sauti moja ndefu mpaka uizime.

Wanafunzi wetu walikuwa wahudumu wa afya wa vijijini na wakunga wa jadi, watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa hata mashine ya chapa. Walimuua yule mzungu mara nyingi sana, huku wakicheka. Mkunga mmoja, bibi aliyetoka Kiongoroni, alimuua mara tano kwa mfululizo akasukuma kipanya pembeni.

"Huyu akifa mie sisikii kitu," alisema. "Nileteeni mtu."

Mwalimu alicheka, lakini jioni ile aliniambia, "Amesema kweli. Hebu tutengeneze wa kwetu."

Hivyo ndivyo nilivyozichukua zile picha nne. Kwa wiki mbili nilijifungia kwenye chumba cha ofisi ya mradi, jenereta linanguruma nje, nikaweka picha juu ya picha. Uso niliutoa kwenye picha ya nne, haukuwa na haja ya kubadilishwa. Paja nililitengeneza kwa tabaka: kwanza ngozi nzima, kama alivyokuwa kabla, ukibonyeza, jeraha, ukibonyeza tena, misuli, kisha ule mshipa, kisha mfupa. Kila kitu nilikiandikia jina la Kiswahili. Damu niliichora mwenyewe, nikaifanya itembee. Nilipomaliza nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia tena katika kazi hii. Na kweli ilikuwa kazi nzuri. Mtu aliyekuwa hajui paja lina nini ndani alikaa mbele yake nusu saa akainuka anajua.

Mwalimu aliibonyeza mwanzo hadi mwisho. Halafu akauliza, "Ndugu zake wanajua?"

"Wanajua," nikasema.

Neno moja hilo. Nimelirudia kichwani mwangu miaka yote hii, na sijapata sababu ya kulisema zaidi ya kwamba niliogopa ataniambia nifute.

Ratiba ya mafunzo ilipangwa izunguke delta, na kituo cha pili kilikuwa kijiji changu kwa sababu shule yake ilikuwa na darasa lenye paa zima. Ningeweza kusema tusiende pale, au twende na mzungu peke yake. Lakini kaka yake marehemu alikuwa dago, kule wavuvi wanakopiga kambi wiki nzima nzima, na mjane alikuwa ndani, bado yuko eda. Nikajiambia siku mbili zitapita.

Miezi ile, lazima niseme, watu walikuwa na hofu. Redio zilikuwa zinaleta habari za watu waliochunwa ngozi huko bara, na kila aliyesikia alimsimulia jirani kwa kuongeza. Pwani yetu tangu zamani tuna mumiani, mtu anayedaiwa kunyonya damu za watu akaziuze. Sasa mumiani na mchuna ngozi wakawa kitu kimoja, na kikawa na lafudhi ya bara. Mwalimu alipopita kijijini kina mama waliwaita watoto ndani. Yeye alidhani wanamwonea haya.

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye paja. Wanafunzi kumi na wawili, yule bibi wa Kiongoroni akiwa mmoja wao, walikuwa wamebanana mbele ya kioo, na madirishani, ambako hakukuwa na vioo wala nyavu, watu wa kijiji walikuwa wamesimama kuangalia sinema ya bure. Mhudumu mmoja alibonyeza goti badala ya kinena. Damu niliyoichora ikaruka juu ya kioo. Darasa likaangua kicheko.

"Mbona huyo ni mdogo wangu?"

Sauti haikuwa kubwa. Nikageuka. Alikuwa dirishani, na kapu la kamba bado liko begani, ametoka dago asubuhi ileile akasikia jenereta na vicheko. Vicheko vikaisha kimoja kimoja.

Mwalimu hakujua. Aliyekuwa anajua ni mimi, na sikumzuia. Yeye akamwona tu mzee mwenye wasiwasi, akatabasamu, akamwambia, "Karibu ndani, mzee wangu. Ni picha tu hii, haimdhuru mtu. Tazama." Akabonyeza ili amwonyeshe.

Ngozi ya paja ikaondoka. Akabonyeza, misuli ikaondoka. Uso wa marehemu ulikuwa palepale juu, macho wazi, na mguu mzima, mguu ambao kaka yake alikuwa ameutafuta mpaka akafukuzwa mlangoni, unafunuliwa mbele ya watu waliokuwa wanacheka sasa hivi.

Kapu likaanguka. Nje mtu akapiga kelele, "Mumiani!" Mwingine akaitikia, "Wachuna ngozi! Wameuleta mguu humu!" Kisha sikusikia maneno tena, nilisikia madawati.

Waliingia kwa mlango na kwa madirisha. Nilinyanyua mkono wa kushoto nikinge kichwa, boriti la mkoko likatua juu ya kiganja, na nilisikia mifupa inavunjika kabla sijasikia maumivu. Nikaanguka kati ya madawati. Mtu alinikanyaga shingoni, mwingine akanipiga teke la mbavu, nikaona miguu tu, yenye magamba ya tope lililokauka, na nyingine niliitambua kwa vidonda nilivyoviosha mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wanatoka kwa kukanyagana. Mwalimu hakukimbia. Alisimama mbele ya meza, mikono juu, anasema, "Ngojeni, ngojeni, jamani," kwa ile sauti yake ya hotuba. Panga likashuka. Lilimpata upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, na damu ikaruka ikapiga ubao.

Kaka yake marehemu hakumgusa mtu yeyote. Hilo nililisema polisi na ninalisema hapa. Alikuwa na shoka la kukatia mikoko, na alikuwa na kazi moja. Aliipiga kompyuta mpaka ikafunguka. Akaingiza mkono ndani, akachomoa vile vibao vya kijani, nyaya, vipande vya kioo. Alikuwa anavinusa. Alinusa kimoja, akakitupa, akanusa kingine. Vidole vyake vilikuwa vinachuruzika damu kwa vioo na hakuona.

"Uko wapi?" alikuwa anauliza ile kompyuta. "Mguu uko wapi?"

Nilitambaa kwa mwalimu. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Nikabandika kiganja changu kizima juu ya jeraha, nikakandamiza kwa uzito wa mwili wote. Damu ilipita kati ya vidole. Nikainama nishike vizuri, uso wangu ukawa karibu na mkono wake, na nyuma yangu mtu akapiga yowe, "Anamnyonya! Oneni, anamnyonya!"

Pigo la mgongoni lilinilaza juu yake. La pili halikufika. Yule bibi wa Kiongoroni, ambaye nilidhani amekwisha kutoka, alikuwa amesimama juu yetu, miguu huku na huku, ameshika fundo la kanga yake.

"Anazuia damu, hanyonyi! Macho hamna?" aliwapigia kelele. "Atakayenigusa navua nguo hapa hapa, aone alikotoka!"

Walirudi nyuma. Laana ya namna ile hakuna mwanamume wa kwetu anayeitaka imwangukie. Bibi akapiga magoti, akanisukuma kwa bega.

"Hapo unapobonyeza, inapita," akaniambia. "Wewe si ulitufundisha kinena? Mguu una kwapa lake, mkono nao una kwapa lake. Panda juu."

Hatukuwa tumefundisha mkono. Somo lilikuwa paja tu. Akaingiza ngumi yake chini kabisa ya kwapa la mwalimu, akaisukuma kwenye mfupa, na damu ikaacha kuruka, ikawa ya kuvuja. Tulimfunga kwa kanga moja ya bibi na kijiti. Bibi alikaa na ngumi yake pale njia nzima, ndani ya boti iliyokuwa inavuja, mpaka tulipopata gari, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi hata hakuweza kujifunga ushungi.

Mwalimu alipona, lakini vidole vitatu vya mkono ule havikurudi kufanya kazi. Nilikwenda kumwona wodini, mkono wangu uko kwenye plasta. Nikamwambia ukweli, kwamba ndugu hawakuwa wanajua. Hakunipigia kelele.

"Nilikuuliza," alisema. Hilo tu. Alipotoka alirudi kwao bara, na sikupata barua yake hata moja.

Polisi walikamata wanaume sita, akiwamo kaka yake marehemu. Nilipoitwa kueleza, nilieleza yote, pamoja na kwamba nilipiga picha bila ruhusa. Askari aliyekuwa anaandika aliacha kuandika akasema picha si kosa, nitaje waliopiga. Nikataja wawili niliowaona kwa uso. Aliyemkata mwalimu sikumwona, na mpaka leo simjui. Wale wawili walifungwa. Wengine waliachiwa.

Kaka yake marehemu alinikuta Kibiti, barazani dukani kwetu, baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa amekonda. Hakutoa salamu.

"Ile niliivunja," alisema. "Imekufa?"

Ningeweza kusema imekufa. Angeondoka.

"Hapana, kaka. Kuna sidii mbili za nakala ofisini. Na kamera nayo bado inazo zile picha."

Alinipiga kofi lililonitoa kwenye kiti, na alipoona mama yangu anatoka dukani, akanipiga la pili mbele yake. Mama hakumzuia. Nilikuwa nimemsimulia. Kisha yule kaka akanisubiri niinuke, tukaenda ofisini pamoja, mimi natema damu njia nzima. Alizivunja sidii kwa jiwe, akavisaga vipande vyake kwa kisigino. Nikamwonyesha kamera, nikamwonyesha kitufe cha kufutia. Alibonyeza mwenyewe, mara nne. Kila mara alikuwa anatazama kwanza.

Safari hii nilikuwa nimeuliza hospitali. Nikamwambia kuna shimo lenye mfuniko wa zege nyuma ya wodi ya wazazi, na viungo vinavyokatwa huwekwa humo. Alikwenda huko siku ya pili. Sikuenda naye, hakunitaka.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, kiganja hakifungi vizuri, nikahamishiwa kazi ya kufundisha pale pale Kibiti. Mwezi mmoja hivi baadaye mjane alikuja ofisini. Eda ilikuwa imekwisha. Alikuwa binti mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa kanga mpya, amekuja na boti ya kamba halafu na lori, peke yake. Alibisha hodi, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka wa mlangoni.

"Nimesikia ulikuwa na picha yake," alisema.

"Nilikuwa nayo, dada. Naomba unisamehe."

"Sikuja kwa hilo. Nimekuja niichapishe kwenye karatasi. Kuna mtu wa studio hapa, nimeambiwa anaweza. Hakuwahi kupigwa picha mume wangu, hata ya kitambulisho. Mtoto atauliza baba alikuwaje."

Nikamweleza kuhusu sidii na jiwe, na kitufe cha kamera.

"Zote?"

"Zote."

"Nani aliamua?"

"Shemeji yako. Na mimi."

"Mie nilikuwa ndani kwangu, nimekaa eda," alisema. "Mlango ulikuwa na hodi. Hakuna aliyekuja kuniuliza." Hakulia. Alikuwa anavuta uzi uliotoka kwenye pindo la kanga, anauzungusha kwenye kidole mpaka ncha ikawa nyeusi. "Macho yalikuwa wazi kwenye hiyo picha?"

"Yalikuwa wazi."

"Alikuwa anatazama nini?"

"Alikuwa ananitazama mimi."

"Anataka nini?"

Nikasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka na uongo. "Alikuwa anaomba maji."

"Ukampa?"

"Nilimpa."

Alikuwa amekwisha kuelewa, alitaka tu nilitamke mwenyewe.

"Nilimpa nilipomaliza kupiga picha."

Akaukata ule uzi kwa meno, akainuka, akavaa kandambili zake. Alinitazama mkono, kile kiganja kisichofunga, kisha akashuka ngazi kwenda kutafuta lori la kurudi. Niliingia darasani. Wanafunzi walikuwa wananisubiri, kompyuta mpya imewashwa, na yule mzungu wa programu amelala chali, uchi. Nikawaambia wamfunike kwanza.